Afya Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wahenga waliosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari hawakuwa wakiwaasa wenye maduka peke yao. Mali ya kwanza ya taifa lolote ni afya ya watu wake, nayo ikikosa daftari hupotea vile vile: kimya kimya, jino baada ya jino, mshipa baada ya mshipa, mpaka siku ile mwalimu mwenye umri wa miaka 48 anapoanguka mbele ya ubao na chaki mkononi. Hapo watu husema kwamba siku yake ilikuwa imefika. Hakuna anayeuliza kama shinikizo la damu yake lilipata kupimwa, nani alilipima, na jibu liliandikwa wapi.

Haiwezi kusemwa kwamba Tanzania ni nchi isiyojua kuhesabu. Katika Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120, mijini na vijijini, na vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo baadaye viligawiwa kwa walimu. Taifa lenye uwezo wa kumfikia mchungaji porini na mvuvi kisiwani, likaandika umri wake, elimu yake na aina ya paa la nyumba yake, haliwezi kudai kwamba limeshindwa kujua ni watoto wangapi wa miaka 12 wenye meno yaliyooza, au ni watu wazima wangapi wenye presha wanaomeza dawa na presha yao ikateremka. Kinachopungua si uwezo wa kuhesabu. Kinachopungua ni nia ya kuhesabu kile ambacho, kikishahesabiwa, kitamdai mtu jibu.

Kosa hili halikuanzia hapa. Mwezi Septemba 2011 viongozi wa dunia walikutana katika Umoja wa Mataifa wakatoa tamko juu ya magonjwa yasiyoambukiza. Katika tamko hilo walikiri kwamba magonjwa ya figo, ya kinywa na ya macho ni mzigo mkubwa kwa nchi nyingi, na kwamba yanatokana kwa sehemu na visababishi vile vile vya magonjwa ya moyo, saratani, kisukari na mfumo wa hewa. Maneno hayo yalikuwa mazuri. Lakini mwaka 2013, ulipofika wakati wa kupanga viashiria ambavyo kila nchi ingepimwa navyo, Baraza Kuu la Afya Duniani lilipitisha malengo 9 na viashiria 25, na katika 25 hivyo hakikuwamo hata kimoja cha kinywa. Kinywa kilipewa sentensi, kikanyimwa safu katika daftari. Kila mtumishi wa serikali anajua maana yake: jambo lisilo na safu katika daftari halina fungu katika bajeti.

Ilichukua miaka mingi kabla ya kosa hilo kuanza kusahihishwa. Azimio la afya ya kinywa lilipitishwa mwaka 2021. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa yake ikionyesha kwamba watu wapatao bilioni 3.5, karibu nusu ya wanadamu wote, wana magonjwa ya kinywa, na kwamba watatu kati ya kila wanne wao wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Ukafuata mpango wa utekelezaji wa 2023 hadi 2030, unaotaka asilimia 80 ya watu duniani wawe na haki ya kupata huduma za msingi za kinywa ifikapo mwaka 2030, na magonjwa makuu ya kinywa yapungue kwa asilimia 10. Asilimia 10 ya nini? Nchi isiyojua ilikoanzia haiwezi kujua kama imefika. Itatangaza ushindi au kushindwa kwa kubahatisha, na vyote viwili vitakuwa uongo.

Wapo wanaojitetea kwa kusema kwamba jino haliui, na kwamba nchi yenye malaria na vifo vya wajawazito haina muda wa kutazama vinywa. Hoja hii husikika sana, hasa kutoka kwa watu ambao jino likiwauma wana gari la kuwafikisha mjini. Mtoto wa kijijini mwenye jipu la jino halali usiku, hali chakula kigumu, na asubuhi hasikii anachofundishwa. Katika daftari la mahudhurio ataandikwa mgonjwa, au mtoro. Uchafu wa jino lililooza ukiingia shingoni na katika damu, huua. Saratani ya kinywa huua, na wenye kutafuna tumbaku, kunusa na kubwia ugoro, na kutafuna tambuu yenye popoo wamo katika njia yake. Na hata pale jino lisipoua, nani aliyeweka sheria kwamba taifa lianze kuhesabu maumivu ya raia wake baada ya kumzika?

Zaidi ya hayo, kinywa na moyo si nchi mbili zenye mpaka na forodha kati yake. Sukari inayotoboa jino la mtoto ndiyo inayomnenepesha akiwa kijana na kumkaribisha kwenye kisukari akiwa mtu mzima. Tumbaku inayooza ufizi ndiyo inayoziba mishipa ya moyo. Mwenye kisukari asiyetunzwa huoza ufizi upesi, na ufizi ulioharibika humfanya ashindwe zaidi kudhibiti sukari yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, yaani kama vijiko vya chai 12 kwa mtu mzima. Chupa moja ya kawaida ya soda ina karibu vijiko 9. Mtoto anayekunywa moja asubuhi na nyingine jioni amekwisha kuupita mpaka wa mtu mzima kabla hajaonja chai ya nyumbani. Hata hivyo ofisi moja inahesabu wagonjwa wa kisukari, nyingine meno, nyingine biashara ya soda, na hakuna anayekaa kuziweka hesabu hizo tatu juu ya meza moja.

Hata penye kuhesabu, kinachohesabiwa mara nyingi ni kile chepesi. Mfumo wa taarifa za huduma za afya, MTUHA, ulioanza katika miaka ya 1990, ulikuwa hatua kubwa ya kusifiwa. Lakini hesabu ya zahanati ni hesabu ya waliofika zahanati. Haimjui aliyebaki nyumbani. Na mgonjwa wa presha akihudhuria mara 12 kwa mwaka, na mara zote 12 presha yake ikawa juu kama ilivyokuwa siku ya kwanza, taarifa ya robo mwaka itaonyesha mahudhurio yanayopendeza. Kliniki inayoshindwa kutibu huonekana yenye shughuli nyingi kuliko ile iliyofaulu. Mahudhurio ni jasho la mhudumu, nalo lina heshima yake, lakini jasho si mavuno.

Hali ya meno ni ya kusikitisha zaidi. Jino likishang'olewa huandikwa kuwa huduma iliyotolewa. Meno mengi yakishang'olewa, huduma imeongezeka, na mkuu wa kitengo anaweza kusimama mbele ya kikao akasoma idadi kwa sauti ya kujiamini. Lakini kila jino la kudumu lililong'olewa kwa sababu ya kuoza ni ushahidi kwamba kinga ilishindwa, uchunguzi ulichelewa, na kuziba hakukuwapo. Jino la pembe si dawa ya pengo, na orodha ya mapengo si taarifa ya maendeleo.

Kipimo chenyewe cha kimataifa nacho kinahitaji kutazamwa kwa macho makali. Tangu miaka ya 1930, baada ya kazi iliyofanywa katika mji wa Hagerstown nchini Marekani, madaktari wa meno wamekuwa wakijumlisha pamoja meno yaliyooza, yaliyong'olewa na yaliyozibwa ya kila mtu, kisha wakatafuta wastani. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani na Shirikisho la Meno Duniani waliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2000 wastani wa mtoto wa miaka 12 usizidi meno 3. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilikuwa tayari chini ya kiwango hicho siku lengo lilipotangazwa. Zilifaulu mtihani kabla ya kuingia darasani! Matokeo yake yalikuwa usingizi, kwa maana aliyekwisha kufaulu hana haja ya kusoma.

Hebu mwalimu yeyote alichukue darasa la wanafunzi 40. Wastani ukiwa jino 1 kwa kila mtoto, taarifa itasema hali ni nzuri. Lakini jumla ya meno 40 mabovu inaweza kuwa imewaangukia watoto 10 tu, kila mmoja manne, huku 30 wakiwa hawana hata moja. Watoto 10 hao ndio wasiolala usiku, na wastani umewafuta. Tena katika kipimo hicho jino lililozibwa vizuri na jino lililoachwa likaoza hadi kwenye mzizi yana uzito mmoja. Katika nchi tajiri sehemu kubwa ya hesabu hiyo ni meno yaliyozibwa. Katika nchi kama Tanzania sehemu kubwa ni meno yaliyoachwa yaoze. Nchi mbili zinaweza kuwa na namba moja, moja ikiwa imetibu na nyingine ikiwa imetelekeza. Namba inayomlinganisha aliyetibu na aliyetelekeza hutoa msamaha kwa mzembe.

Upo mfano mwingine ulio wazi zaidi, nao uko katika maji. Katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, maji ya visima na chemchemi yana madini mengi ya floraidi. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi huyatia madoa ya kahawia yasiyosafishika, na ikizidi sana kwa miaka mingi hukakamaza na kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, katika viwango vya muda vya miaka ya 1970 kwa maji ya vijijini, ilikubali hadi miligramu 8, na baadaye kwa miaka mingi ikakubali 4, kabla ya kushuka kufuata mpaka wa dunia. Sababu ilieleweka: palipokosekana maji mengine, haikuwezekana kuwaambia wananchi wasinywe. Hilo si la kulaumiwa. La kulaumiwa ni kusahau kwamba mpaka uliosogezwa kwenye karatasi haukusogea ndani ya mdomo wa mtoto. Maji yaliandikwa kuwa yanakubalika, na meno yakaendelea kuwa kahawia. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeonyesha kwamba mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaweza kuchuja floraidi hata katika nyumba ya kawaida. Dawa hiyo basi ipo karibu. Kinachotakiwa ni daftari litakaloonyesha kijiji kwa kijiji ni watoto wangapi wenye madoa, ili chujio lianze kwa wenye haja kubwa kuliko wote.

Na kuna maumivu ambayo hayajawahi kupewa safu popote. Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, katika sehemu nyingi za nchi hupelekwa kwa mtu anayedai kwamba ana "meno ya plastiki". Ufizi wake hupasuliwa kwa kifaa kichafu, na kijino kichanga kisichokomaa hutolewa. Kinachofuata huwa ni kutokwa na damu, kuoza kwa kidonda, na mara nyingine kifo, huku ugonjwa wenyewe uliomletea homa ukiwa haujatibiwa. Wataalamu wa meno nchini wameandika juu ya jambo hili tangu miaka ya 1980. Lakini mtoto huyo akifa atahesabiwa kuwa amekufa kwa kuharisha au kwa upungufu wa damu, na kisu kitaendelea na kazi yake kwa sababu hakijatajwa.

Yafaa ikumbukwe kwamba nchi hii imewahi kuhesabu vizuri, na hesabu ikaiamsha. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba presha, kiharusi na kisukari ni magonjwa ya wakubwa, ya wenye vitambi na magari. Kuanzia mwaka 1992 Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na wataalamu wa nje, iliendesha mradi wa kufuatilia vifo vya watu wazima katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Wahesabuji walikwenda nyumba kwa nyumba. Palipotokea kifo, mtumishi wa afya aliketi na wafiwa, akawauliza dalili alizokuwa nazo marehemu, na madaktari wakapima chanzo. Matokeo ya kiharusi yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba watu wa umri wa kufanya kazi katika sehemu hizo, mjini na kijijini, walikuwa wakifa kwa kiharusi mara kadhaa zaidi ya watu wa umri huo huo huko Uingereza na Wales. Mkulima wa Morogoro alikuwa akiuawa na ugonjwa ulioitwa wa matajiri, na asingejulikana kama wafiwa wasingeulizwa.

Lakini kuhesabu mara moja na kulala hakusaidii. Utafiti uliofanywa katika vijiji 6 na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa watu wazima wasiofika hata mmoja katika kila 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu 9 katika kila 100, na wenye shinikizo la juu la damu kama robo ya watu hao. Je, kisukari kiliongezeka mara tisa? Huenda kimeongezeka sana, lakini vijiji 6 si taifa zima, umri haukuwa ule ule, wala vipimo havikuwa vile vile. Kati ya tafiti hizo mbili zilipita zaidi ya miaka 20 nazo hazikupima kwa namna moja wala mahali pamoja. Ni sawa na mkulima aliyepima mvua mara mbili katika maisha yake, kila mara kwa kopo tofauti, kisha akaulizwa kama nchi inakauka.

Tofauti yake ionekane katika nchi ya Finland. Katika jimbo la North Karelia wanaume wengi walikuwa wakifa kwa moyo wangali na nguvu, na wananchi wenyewe wakapeleka maombi kwa serikali yao. Mradi ulipoanza mwaka 1972 ulianza kwa kupima: sigara, mafuta katika damu, shinikizo la damu. Ukapima tena kila baada ya miaka mitano, kwa njia ile ile, na kuwarudishia wananchi majibu. Siagi ikapunguzwa mezani, sigara zikapungua, na katika kipindi cha zaidi ya miaka 30 vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vikashuka kwa zaidi ya asilimia 80. Hapakuwa na miujiza yoyote. Palikuwa na kipimo kilichorudiwa, na watu walioonyeshwa kipimo chao.

Watasimama wapinzani waseme kwamba wahudumu wa zahanati wamekwisha kulemewa na vitabu, na kwamba safu mpya ni mzigo mpya. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake ni kupunguza, si kuongeza. Daftari lenye safu 100 zisizosomwa na mtu ni urasimu mtupu, na ni wizi wa saa za muuguzi. Mambo sita yanatosha. Kwanza, katika kila watu wazima 100 wenye presha, ni wangapi wanajijua, wangapi wako katika dawa, na wangapi presha yao imeteremka. Pili, hayo hayo kwa kisukari, na kama ufizi wa mgonjwa umetazamwa. Tatu, wangapi wanatumia tumbaku ya aina yoyote, ugoro ukiwamo. Nne, ni shule ngapi zinazouza soda na pipi ndani ya uzio wake. Tano, katika watoto wa miaka 6 na 12, ni wangapi wenye jino lililooza lisilotibiwa, na wangapi walikosa shule kwa ajili yake. Sita, ni vifo vingapi vya watu wazima vilivyoandikwa pamoja na chanzo chake. Namba zinazohusu wananchi wote zisisubiri wafike zahanati. Zipimwe kwa sampuli ile ile ya kaya, kwa njia ile ile, kila baada ya miaka michache.

Kazi hii inawahusu watumishi wa umma na walimu kabla ya kumhusu daktari, ambaye ni mmoja kwa maelfu ya watu. Mtendaji wa kijiji ndiye anayejua nani kafa. Mwalimu ndiye anayeona nani ameshika shavu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma na kujadili jinsi ya kujikinga na maradhi, na wengi wao wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Hawakuwa wataalamu. Walikuwa wananchi waliopewa jambo la kufahamu na jambo la kutenda. Kizazi hicho kilifanya kazi kwa redio na jembe, na kizazi chenye kishikwambi mkononi hakina udhuru.

Lakini sharti moja lisisahauliwe: kila namba inayokwenda juu irudi chini. Kijiji kilichopimwa kibandikiwe majibu yake katika ukuta wa ofisi ya kijiji, na shule iliyochunguzwa isomewe majibu yake katika mkutano wa wazazi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na bima inayolipia magonjwa isiyoyajua idadi yake itafilisika au itawanyima haki wanyonge, ambao ndio wasiokuwamo katika hesabu. Kiongozi anayezuia namba mbaya isijulikane anailinda nafasi yake, wala hailindi heshima ya wilaya yake. Mficha maradhi kifo humfichua, na mfichaji akiwa ni ofisi, kifo hicho hakimpati yeye. Humpata mwananchi aliyemwamini.